Picha za babu za vita vya Burma: kaka anataka laminesheni, kuna mtu anataka kununua. Naombeni ushauri

Mjukuu wa Keya:
Mbukwenyi wakuu. Naandika kutoka Dodoma mjini. Babu yetu mzaa baba alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Alifariki 1994. Mwezi uliopita shangazi yetu mkubwa, anayeishi Mvumi, alinikabidhi mkebe wa biskuti wenye picha 31. Nyingi ni ndogo kama kiganja cha mtoto, zina kingo za mawimbi. Kuna askari waliovaa kofia pana zilizokunjwa upande mmoja, kuna meli imejaa watu hadi ngazini, kuna ndege na magunia chini yake, na kuna moja ya kitu kama kifaru lakini hakina mzinga. Moja imegandia kwenye kioo cha fremu.

Kaka yangu anataka tuzipeleke zote zikawekewe laminesheni, halafu azitie rangi kwa programu ya simu. Pia kuna bwana mmoja hapa mjini amesema atatoa elfu hamsini kwa kila picha ya meli na ndege, za watu hazitaki. Shangazi kasema neno moja tu: "Msiwatenganishe." Nizifanyeje? Nina hofu ya kuharibu kitu ambacho hakitapatikana tena.

Fundi Picha Kizota:
Mkuu, kabla hujafanya lolote, mzuie kaka yako. Nimefanya kazi ya studio miaka 22. Laminesheni ni moto na gundi. Gundi inaingia kwenye karatasi na haitoki tena. Niliiwekea picha ya marehemu mama yangu nikidhani naitunza. Baada ya miaka minne ikafanya malengelenge usoni pake, na sina nyingine.

Hiyo iliyogandia kwenye kioo usiivute, usiiloweshe, wala usiingize wembe. Picha hizo za zamani zimepakwa tabaka la jelatini, ndilo lililoshika kioo. Ukivuta, sura inabaki kwenye kioo na wewe unabaki na karatasi nyeupe. Iskani hivyohivyo na kioo chake.

Tafuta skana ya kulaza picha, siyo simu chini ya taa. Weka nukta 600 kwa inchi, na kwa hizo ndogo sana weka 1200. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora, halafu ndiyo utoe nakala nyepesi za kuwatumia ndugu. Ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti, maana ukituma kama picha inabanwa na kupoteza ubora. Na mgongo wa kila picha uskani pia, hata kama unaona ni mtupu. Kalamu ya wino usiiguse, wala selotepu. Ukitaka kuandika, andika kwa penseli laini, pembeni, nyuma, ukiwa umeilaza kwenye kitu kigumu.

Kuhusu mahali pa kuweka: ukavu wa Dodoma unakusaidia, ndugu zetu wa Dar wanapigana na ukungu kila mwaka. Adui zako ni joto la bati na mchwa. Usiziweke juu ya kabati chini ya paa. Kila moja iwe na bahasha yake ya karatasi, ndani ya sanduku, chumba cha katikati, sanduku lisiguse ukuta.

Msomaji wa Vita:
Nisaidie kutazama kitu kimoja kwa lenzi: mabegani au kwenye mikono ya hao askari kuna alama ya kichwa cha kifaru, yule mnyama? Hiyo ilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Ndiyo iliyopita bonde la Kabaw katika masika ya 1944, matope na malaria, hadi wakafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Wahandisi walijenga hapo daraja la vyuma la zaidi ya mita 300. Barabara zilikuwa hazipitiki, hivyo chakula na risasi viliangushwa na ndege. Kama ndege yako ina injini mbili na mkia unaokaa chini inapokuwa ardhini, kuna uwezekano mkubwa ni Dakota. Hayo magunia basi si mizigo ya kawaida, ni uhai wa babu yako.

Kwenye meli tafuta maboya ya kuokolea watu yaliyotundikwa kwenye uzio. Jina la meli huandikwa pale. Wakati wa vita majina yalifutwa ili adui asijue, kwa hiyo ukiliona wazi, yaelekea ni safari ya kurudi nyumbani baada ya 1945.

Nyerenyere:
Mimi nina wazo tofauti. Maisha ni magumu, elfu hamsini ni elfu hamsini. Skani, halafu uza zile za ndege na meli. Kumbukumbu si unayo tayari?

Msomaji wa Vita:
Hapana ndugu yangu. Picha ya ndege peke yake ni picha ya ndege, ziko maelfu London kwenye Imperial War Museum, zilizopigwa na wapiga picha wa jeshi. Hizi 31 zikiwa pamoja ni safari ya mtu mmoja kutoka Ugogo hadi Burma na kurudi. Za kwetu wenyewe, zilizotoka mkebeni kwa askari Mwafrika, ni chache mno. Huyo mnunuzi anayekataa sura za watu ameshakuonyesha anachokithamini.

Na rangi za programu: inabuni. Utepe wa medali ya Burma una nyekundu katikati, buluu iliyokoza na rangi ya chungwa pande zote mbili. Programu haijui hilo, itapaka inavyotaka, na wajukuu wataamini.

Binti wa Kongwa:
Hicho "kifaru" kisicho na mzinga, kina minyororo na mbele kimekaa kama trekta? Nadhani hapo babu alikuwa keshavua gwanda. Mradi wa karanga ulipoanza kwetu Kongwa 1947, matrekta yalikuwa haba, basi Waingereza wakageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Kampuni ya Vickers ndiyo iliyoyatengeneza. Mzee wangu alikuwa akisema walivunja visiki kwa vifaru vya vita na ardhi bado ikawashinda. Muulize shangazi kama babu aliwahi kufanya kazi Kongwa.

Mjukuu wa Keya:
MREJESHO. Wakuu, ahsanteni sana. Kaka amekubali, laminesheni imekufa. Yule bwana nimemwambia haziuzwi.

Kichwa cha kifaru kipo, begani kwa watu watatu. Na Binti wa Kongwa, ulichosema ni kweli, babu alikuwa dereva Kongwa hadi mradi ulipofungwa.

Jumapili nilikwenda Mvumi na picha, nikawasha kinasa sauti cha simu, nikamwonyesha shangazi moja moja. Babu alikuwa akimwonyesha tangu akiwa mtoto, anayajua majina. Kwenye picha ya wanne waliokaa juu ya masanduku aliweka kidole kwa wa pili kushoto: "Huyu hakurudi. Alikuwa wa mizinga, maji yalimchukua." Ni jirani yao. Wajukuu zake wapo hadi leo, nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi, na hawajawahi kuona sura yake.

Msomaji wa Vita:
Wa mizinga na maji... Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani iliizamisha meli ya Khedive Ismail karibu na Maldivi, ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Ilibeba kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Karibu watu 1,300 walikufa, meli ilizama kwa dakika chache. Usiwaambie wajukuu kwamba ndiyo hiyo mpaka uhakikishe. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure kwenye intaneti. Jaribu jina kwa tahajia nyingi, makarani wa jeshi waliandika majina ya Kigogo walivyosikia: Chi ikawa Ki, Ng'h ikawa Ng au N tu.

Fundi Picha Kizota:
Nitumie ile ya wanne kwa TIFF. Nitaichapa kubwa, na sura yake peke yake nyingine. Sitaki hela.

Mjukuu wa Keya:
Nimetuma mkuu. Jumamosi nazipeleka Mvumi, shangazi anataka aende nazo yeye mwenyewe kwa miguu.