Naomba ushauri: praima za M1 Garand
Wakuu, habari. Niko Marekani, najaza upya risasi za .30-06 (saizi ya risasi) za M1 Garand, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani. Pini ya kufyatulia ya bunduki hii haina springi, kwa hiyo bolti (kipande kinachofunga risasi ndani ya bunduki) ikijifunga, pini huigonga kidogo praima, yaani kile kidude cha kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti. Praima ikiwa rahisi mno kulipuka, au ikichomoza kwenye kitako cha ganda, risasi inaweza kulipuka kabla hujagusa kifyatulio. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Nachagua kati ya praima mbili za kampuni ya CCI: namba 200 za kawaida na namba 34 za kijeshi, ambazo si rahisi kulipuka kwa mguso mdogo. Je, 34 zina faida kweli, au muhimu ni kuzizamisha vizuri tu? Kwa kuwa zinawaka kwa nguvu zaidi, nadhani nirudi kwenye kipimo cha chini cha baruti kwenye kitabu cha vipimo vya kujaza risasi. Mnaozitumia mnafanyaje?