Kinda wa kokateli, siku ya 8: gole (mfuko wa chakula shingoni) limejaa tangu jana usiku, nifanyeje?

Tundu la Pili (mleta uzi)
Habarini wakuu. Nina jozi ya kokateli (wale kasuku wadogo wenye kishungi), huu ni uzao wao wa kwanza. Mayai 5, wameangua 4, moja lilikuwa bovu. Walianza kuatamia kabla jike hajamaliza kutaga, kwa hiyo makinda wamepishana sana: mkubwa ana siku 14, kitindamimba ana siku 8. Wakubwa wakinyoosha shingo, huyu mdogo anakanyagwa tu pembeni. Juzi jioni nilimkuta wa baridi, gole tupu kabisa. Nikaona nikimwacha kesho namzika. Nikamtoa.

Nimemweka kwenye boksi lenye taulo na balbu juu. Nampa uji wa unga maalumu wa makinda kwa bomba la sindano (bila sindano yenyewe, msinipige). Siku ya kwanza alikula vizuri hadi nikajisifu. Jana saa nne usiku nikampa mililita 2. Leo saa kumi na mbili asubuhi gole bado lilikuwa limejaa, nikamwongezea kidogo nikijua litashuka. Sasa ni saa nne, halijashuka. Nikiligusa ni kama puto lenye maji, halafu chini kuna kitu kizito kimetuama. Mdomo hafungui. Kipimajoto kinasoma 34. Uzito gramu 19. Msaada tafadhali, hapa nilipo sijanywa hata chai.

Mama Manyoya
Pole. Kwanza usimwongezee hata tone. Chakula kipya juu ya kilicholala ndicho kinachochachisha gole. Nijibu mawili: hicho kipimajoto umekiweka wapi, na miguu ya kinda ina rangi gani?

Tundu la Pili
Kiko ukutani mwa boksi, juu, karibu na balbu. Miguu imepauka. Nimeigusa sasa hivi, ni ya baridi.

Mama Manyoya
Basi hapo umepima joto la balbu, kinda hujampima. Kishushe hadi usawa wa mgongo wake ndipo usome.

Tundu la Pili
29!!

Mama Manyoya
Ndiyo hivyo. Kinda asiye na manyoya hawezi kujipasha joto mwenyewe, na akipoa tumbo linasimama. Umri huo anataka kama 33 hadi 34 pale pale alipolala. Anayetoka kwenye yai leo anataka 35 na ushee. Pandisha taratibu, weka kikombe cha maji ndani ya boksi ili hewa isimkaushe. Kisha msome yeye, maana mashine zinadanganya. Akihema mdomo wazi na kutanua vibawa, umezidisha. Akijikunyata na kutetemeka, bado. Akilala amejimwaga kama mlevi, miguu ya waridi na ya moto, umepatia.

Akishapata joto saa nzima, lisugue gole kwa ncha ya kidole, polepole sana, ule uji uliotuama chini uchanganyike na maji ya juu. Usimgeuze kichwa chini atapike, atavuta uji mapafuni na habari itaishia hapo. Likikataa kushuka hadi alasiri, au mdomo ukianza kunuka uchachu, usingoje kesho: mpeleke kwa daktari anayejua ndege, alinyonye gole na aangalie kama kuna fangasi.

Fundi Vizimba
Mimi huwa nachanganya uji na maziwa kidogo, wanapata nguvu haraka. Jaribu.

Mama Manyoya
Fundi, hapana. Ndege si mnyonyeshaji, hana cha kusagia sukari ya maziwa. Wako walipona kwa bahati yao.

Kidakatonge
Mkuu, joto la uji unalipima kwa kitu gani? Ukisema kwa mkono nafunga mjadala. Unatakiwa uwe 39 hadi 41. Ukipoa chini ya hapo anaukataa au unalala gole. Ukivuka 43 unaliunguza, na kidonda utakiona baada ya siku kadhaa kikiwa tundu kabisa, uji unavujia shingoni. Nilishawahi kukiona, sitaki kukiona tena. Usipashe kwa maikrowevu, inaacha mafundo ya moto katikati. Bakuli ndani ya maji ya moto linatosha, na koroga kabla ya kila mvuto.

Bomba liingie upande wa kushoto wa mdomo wake likielekea kulia, maana njia ya chakula iko kulia mwa shingo. Sukuma pale anapopampu kichwa tu, yaani anapokitikisa juu chini akidai chakula. Asipopampu, acha. Kuhusu kipimo, mililita 2 kwa gramu 19 ulikuwa sawa, kama sehemu moja ya kumi ya uzito. Tatizo halikuwa hapo.

Bwana Ratili
Nimesoma wote, hakuna aliyesema hili: umetoa kinda asiyepaswa kutolewa. Ukiwa na makinda waliopishana, anayetolewa ni mkubwa. Siku 14 hadi 21 manyoya yanachipua, joto analimudu kidogo, mlo ni mara 4 au 5 kwa siku. Huyo wa siku 8 unamlisha kila baada ya saa 3 hivi, na hakuna mkono wa mtu unaolisha kama mama yake. Gole likishafanya kazi, toa wale wawili wakubwa, mrudishe huyu mdogo akiwa na joto na chakula nusu gole. Wazazi humpuuza aliye baridi na mlegevu, wakidhani ameshakwenda. Mpime kila asubuhi gole likiwa tupu. Asipoongezeka, ndipo umchukue moja kwa moja.

Kidakatonge
Naunga mkono, ila wale wakubwa wakae wawili pamoja. Kinda anayelelewa peke yake na mtu akikua hajui kama yeye ni ndege.

Tundu la Pili
MREJESHO, saa kumi jioni. Joto 33 na nusu mgongoni kwake. Miguu imerudi waridi. Gole limebaki kama theluthi, halinuki, na amejisaidia mara mbili (sikujua nitakuja kufurahia kinyesi kiasi hiki).

Tundu la Pili
MREJESHO wa pili, siku ya tatu. Mdogo yuko kiotani na yule wa siku 13, gramu 25 asubuhi hii. Jana nilisikia wanalishwa, ile sauti ya kukwaruza ndani ya kisanduku, nikasimama nje kama mwizi hadi ikaisha. Wakubwa wawili ninao mimi. Swali jipya: yule mkubwa leo ameng'ang'ania bomba hadi kiringi chake cha mpira kikachomoka. Nibadili niwe natumia kijiko?

Mama Manyoya
Badili. Kijiko kilichokunjwa kingo, na uandae kitambaa, utapakwa uji hadi kwenye nyusi.