Ngome ya Lamu: wenye kumbukumbu nayo, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Assalaam alaikum jamani. Ukiitaja Ngome, vijana wanasema "makumbusho", utadhani ilijengewa watalii. Ujenzi ulianza mnamo 1813, baada ya Waamu, yaani watu wa Lamu, kuwashinda watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa kule kijijini Shela, ukamalizika 1821 kwa msaada wa Seyyid Said wa Oman. Waingereza wakaigeuza jela 1910. Uhuru ukaja, jela ikabaki jela mpaka 1984. Mwenye lake na atoe.

Bint Mkomani
Babu yangu alikuwa askari jela humo, kwa hiyo kwetu haisemwi vibaya, mshahara wake ndio uliotusomesha! Mama anasimulia kwamba wanawake wakikatiza uwanjani kwenda sokoni walikuwa wakijifunika na kukaza mwendo. Mimi mtihani wa kidato cha nne nimeusomea humo humo, maktaba ya Ngomeni. Jua la saa saba nje linachoma, humo huhitaji hata feni.

Ami Wangu
Maktaba nzuri, sikatai. Ila ami yangu alifungwa mle, na hadi leo ukimwalika harusi ya Ngomeni anatuma zawadi, mwenyewe haji.

Fundi Chokaa
Hiyo baridi anayoisema Bint ni kazi ya ukuta. Ni mawe ya matumbawe, yale tunayovusha kwa mashua kutoka Manda, yamejengwa kwa chokaa, na unene wake mkono mzima haufiki upande wa pili. Dari ni boriti za mikoko. Boriti haivuki mbali, kama mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba, Ngomeni na majumbani.

Sasa adui ni simenti. Niliitwa nyumba moja mtaa wa Langoni, mwenyewe kapiga plasta ya simenti juu ya ukuta wa zamani, kaona kaokoa pesa. Unyevu unapanda na chumvi yake, haupati pa kutokea, ukuta unamomonyoka kwa ndani huku nje unang'aa. Tulibandua yote, tukaacha ukauke, ndipo tukapaka chokaa. Bei ikawa mara mbili, na lawama nikapewa mimi!

Mzee wa Mkunguni
Wageni hutuuliza hapa barazani, ngome gani hii iliyojificha nyuma ya nyumba? Wanangu, zamani bahari ilikuwa hapa mbele yake. Ufuo ulijazwa kidogo kidogo, watu wakajenga, maji yakasogezwa. Simameni juu darini mtazame baharini, mtaelewa bunduki zilielekezwa wapi.

Bint Mkomani
Fundi, sisi ukuta wa msana, ule ukumbi mrefu wa ndani, umeanza kutoa unga mweupe. Tupake rangi?

Fundi Chokaa
Usipake kitu, dada. Hiyo ndiyo chumvi. Ipanguse kwa brashi kavu, usimwage maji, na uniambie kama kuna bomba la choo nyuma yake.