Mjadala: Tukifundisha kuhusu watu waliobadili jinsia, chuki itapungua au tutaichochea?

Mleta mada

Wadau, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mwezi uliopita niliwakuta wanafunzi wangu wameizunguka simu moja, wanatazama video ya mtu aliyebadili jinsia akipigwa na kundi la watu. Wanacheka. Mmoja tu alikuwa hacheki, macho ameyainamisha sakafuni. Mkuu wa shule akaniambia niandae kipindi kimoja cha kuwafunza utu.

Nikaandaa kwa bidii zote. Haki za binadamu zilikuwemo, na ile siku ya kuwakumbuka waliouawa kwa sababu hii, inayoadhimishwa kila Novemba 20 tangu 1999. Dakika ya tano mkono ukanyooshwa nyuma: "Mwalimu, huyo wa kwenye video ni huntha au ni shoga?" Darasa likaangua kicheko. Mimi nikaduwaa, maana kipindi changu chote kilikuwa kinawakataza kuchukia kitu ambacho hakuna aliyewaeleza ni nini.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, nipingeni: elimu ya jambo hili ianze na kutenganisha. Huntha ni habari ya mwili. Mtu kazaliwa na viungo, homoni au kromosomu zisizoingia sawasawa upande wa kiume wala wa kike. Shoga ni habari ya nani anampenda. Aliyebadili jinsia ni habari ya mtu anavyojijua: siku ya kuzaliwa mkunga alisema ni mvulana, naye tangu apate akili anajijua ni msichana, au kinyume chake. Anaweza kumpenda mwanamume, mwanamke, au asimpende yeyote. Hata hilo neno "aliyebadili" lina kasoro, kwa sababu wengi hawajafanyiwa upasuaji wowote, na ukiwauliza watakwambia hawakubadili kitu, wameacha tu kuigiza.

Huyo mwanafunzi asiyecheka nataka nimwite ofisini nizungumze naye. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza

Mwalimu, heshima yako. Umetenganisha vizuri, ila kuna kitu unakikwepa. Mimi sipigi mtu na sitaki apigwe. Video kama hiyo ningeona aibu kuiona kwenye simu ya mwanangu. Lakini mkishamaliza kunikataza kupiga, mnanitaka niseme naamini nisichokiamini. Mwili ni mwili. Kutokuamini kwangu si chuki, na mkikiita chuki mtakuwa mmenifunga mdomo, hamjanifundisha.

Halafu mtaniletea Shirika la Afya Duniani. Jana waliandika ni ugonjwa wa akili, leo si ugonjwa. Kwa nini nisisubiri nione watakachoandika kesho?

Mchangiaji wa pili

Hilo la Shirika la Afya nalijibu mimi, kazi yangu ni uuguzi. Orodha mpya ya magonjwa, toleo la 11, ilipitishwa Mei 2019 ikaanza kutumika Januari 2022. Haikulifuta jambo hili. Ililitoa kwenye sura ya magonjwa ya akili na kuliweka kwenye sura ya hali zinazohusu afya ya ujinsia. Lilibakizwa makusudi, maana anayehitaji tiba asipokuwa na mahali kwenye orodha hatatibiwa. Na madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013 waliacha kuuita utambulisho wenyewe kuwa maradhi. Kinachotibiwa ni dhiki, yaani yale maumivu ya mtu kuishi kinyume na anavyojijua. Kuna wenye dhiki kubwa, na kuna wasio nayo kabisa.

Tiba kusahihisha maandishi yake si ajabu, mkuu. Kifafa nacho kilihesabiwa kuwa pepo kwa karne nyingi.

Mchangiaji wa tatu

Nimekuwa mkalimani miaka mingi, nina neno moja. Nusu ya ugomvi huu tumeuazima. Wanaozungumza Kiingereza wanagombania kiwakilishi, huyu aitwe kwa neno la kiume au la kike. Kiswahili hakina ugomvi huo. "Anakuja", "amelala", "yeye mwenyewe kasema": hapo hujui kama ni mwanamume au mwanamke, na wala hujaulizwa. Nimewahi kumsikia mtu akilalamika kwamba "wanataka kutubadilishia viwakilishi". Kipi? "A"?

Sisi tunakwama kwingine: kaka na dada, shangazi na mjomba, bwana na bibi. Mwalimu angeanzia hapo, wanafunzi wangeona hili jambo liko ndani ya lugha yao na halikuletwa na meli. Tazama hata hayo maneno mawili, huntha na hanithi. Yametoka mzizi mmoja wa Kiarabu. Moja tumeliacha kwa madaktari na mashehe, jingine tumelifanya tusi.

Mchangiaji wa nne

Umetaja mashehe, niongeze. Wengi hudhani dini haijawahi kulifikiria jambo hili. Mafakihi, yaani wataalamu wa sheria za Kiislamu, wana milango mizima kuhusu huntha: atarithi vipi, atasimama safu ipi ya swala. Na kuhusu mwanamume mwenye tabia za kike, Imam al-Nawawi, aliyeishi karne ya 13, aliwagawa mafungu mawili: aliyeumbwa hivyo, ambaye hana lawama, na anayejitia makusudi, ambaye ndiye anayelaumiwa. Sisemi hapo ndipo panapohalalisha upasuaji. Wanazuoni wengi wa Kisunni wanaukataza isipokuwa kwa huntha. Nasema swali la "kaumbwa hivyo au anajifanya" liliulizwa na watu wenye elimu kabla ya intaneti.

Na Iran iko kinyume na mnavyotarajia. Ayatollah Khomeini, aliyekuwa kiongozi wa nchi hiyo, alitoa fatwa miaka ya 1980 inayoruhusu upasuaji wa kubadili jinsia, na nchi ile ile inaweza kumhukumu kifo shoga. Matokeo yake wapo mashoga wanaosukumwa kwenye kisu wasichokihitaji, ili tu wawe halali. Kwa hiyo mwalimu, kutenganisha kwako si kupanga maneno kwenye kabati. Kuna watu wamekatwa miili kwa sababu mtu fulani hakutenganisha.

Mchangiaji wa kwanza

Sawa, nimejifunza. Lakini elimu iwe nzima. Mtawafundisha pia kwamba mwaka 2023 shirikisho la riadha duniani liliwazuia wanawake waliobadili jinsia baada ya kupitia balehe ya kiume kushindana kimataifa katika mashindano ya wanawake? Kwamba Uingereza, baada ya ripoti ya daktari Hilary Cass ya 2024, ilirudi nyuma kuhusu dawa za kusimamisha balehe kwa watoto, kwa kuwa ushahidi ulionekana dhaifu? Au hayo mtayaruka?

Mchangiaji wa pili

Yasirukwe. Mimi muuguzi nasema hivyo. Ila tuyaweke mahali pake. Swali la nani akimbie na nani, na swali la mtoto apewe dawa gani akiwa na umri gani, ni maswali ya wanamichezo na madaktari, na yana mabishano ya kweli. Swali la kama mtu apigwe, afukuzwe kazi, au akataliwe na muuguzi mwenzangu pale mapokezi kwa kuwa jina la kwenye kadi halifanani na sura, hilo halingoji utafiti. Ninachokiona ni watu kuyatumia mabishano ya kwanza kufungia mlango wa pili. Mgonjwa ana malaria, sisi tunajadili mbio.

Mchangiaji wa tano

Nasoma tu siku zote, leo naandika. Nyumbani kwetu tuna mmoja. Alizaliwa tukamwita kaka, sasa ni miaka sita anaishi kama mwanamke. Huyo mkalimani amenigusa, maana sisi tulikwama palepale aliposema. Baba aligoma kusema "binti yangu". Mama hakubishana naye. Akaanza kumwita "mwanangu", kila siku, kila sentensi. Mimi nikashika "ndugu yangu". Maneno hayo hayana kiume wala kike, yalitupa mahali pa kukaa wakati hatujui la kusema. Watoto wangu ndio waliotumaliza. Walimwita shangazi siku ya kwanza aliyokuja amevaa gauni, wakaendelea kucheza.

Baba naye sasa anasema "mwanangu". Tumeridhika hapo.

Kuhusu makaratasi, msiyadharau. Jina kwenye cheti ndilo linaloamua kama utaajiriwa. Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2014, katika kesi ya Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, iliamuru baraza la mitihani limpe cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Cheti cha mtihani! Alama zake ni zile zile.

Mchangiaji wa sita

Mwalimu, maudhui yako hayana shida, shida ni hotuba. Kuna kisa nakipenda. Mwaka 2014 jarida la Science lilichapisha utafiti uliodai mazungumzo mafupi mlangoni hubadili mawazo ya watu kuhusu ndoa za mashoga. Watafiti David Broockman na Joshua Kalla walipotaka kufanya wa kwao kwa njia hiyo hiyo wakagundua data za ule wa kwanza hazikai sawa. Mwaka 2015 ukafutwa. Ungedhani wangeishia hapo. Wao wakaendelea na wa kwao, katika jiji la Miami, Marekani, kuhusu chuki dhidi ya waliobadili jinsia, wakauchapisha 2016. Wapiga kura 501. Baadhi wakazungumziwa jambo lenyewe kwa dakika 10 hivi, wengine wakazungumziwa habari za kuchakata taka ili kuwe na kulinganisha. Chuki ilipungua, na miezi mitatu baadaye ilikuwa haijarudi.

Walizungumza nini? Hawakuhutubia. Walimwomba mwenye nyumba akumbuke lini yeye mwenyewe alihukumiwa kwa kuwa tofauti, asimulie, kisha wakamuuliza kama hapo anaona kitu kinachofanana. Na haikujalisha kama aliyegonga mlango mwenyewe amebadili jinsia au la.

Jaribu hilo darasani. Video uliyowakuta nayo iache.

Mchangiaji wa kwanza

Nitajibu kama ningegongewa mimi. Nina kigugumizi. Nikiwa darasa la nne mwalimu alinisimamisha nisome kwa sauti kila Ijumaa, kwa kuwa darasa lilifurahi. Nilijifunza kuumwa tumbo Alhamisi jioni.

Bado siamini kwamba mtu hubadilika jinsia. Mwalimu asije kunihesabu miongoni mwa walioshawishika. Lakini huyo ndugu wa mchangiaji wa tano nikikutana naye nitamwita jina lake, na mwanangu akicheka nitamsimulia habari ya Ijumaa. Sijui mtaliita nini hilo.

Mleta mada

Nimesoma yote. Kipindi cha pili ni wiki ijayo. Nitaanza na swali la Miami, waandike kwenye karatasi bila majina. Kisha huntha, shoga, aliyebadili jinsia. Kisha shangazi na mjomba. Riadha na daktari Cass watakuwa na kipindi chao, na nitawaambia wazi kwamba hapo watu wazima bado wanabishana. Mtihani sitatoa.

Mchangiaji wa tano

Mwalimu, swali lako la mwanzo hakuna aliyelijibu. Yule asiyecheka usimwite. Ndugu yangu aliitwa ofisini akiwa na umri huo, na mwalimu mwenye nia njema kama wewe. Alipotoka, darasa zima lilikuwa linamngoja kujua kaitiwa nini. Hujui hakucheka kwa sababu gani; pengine ana ndugu, pengine alimhurumia tu mtu anayepigwa. Lifundishe darasa zima. Naye yumo, atasikia.

Mleta mada

Jina lake nilikuwa nimeshaliandika kwenye daftari la wanaoitwa kesho. Nalifuta sasa hivi.