Binti yangu ni Mmarekani, anataka kusomea uuguzi Uingereza

Mama Neema
Hamjambo ndugu zangu. Neema kazaliwa hapa Minneapolis, Minnesota, ana pasi ya Marekani, mwakani anamaliza sekondari. Kashikilia kwenda Uingereza, ama uuguzi ama udaktari. GPA yake, yaani wastani wa alama, ni 3.9, na atafanya mitihani ya AP (ya kiwango cha chuo) ya biolojia na kemia. Akihitimu anataka kurudi kufanya kazi huku karibu na sisi. Nasikia uuguzi kule ni miaka mitatu tu. Aliyepita njia hiyo naomba anieleze.

Salim wa Manchester
Maombi yote yanapitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya Uingereza. Udaktari mwisho ni tarehe 15 Oktoba, saa kumi na mbili jioni ya London, na kabla ya hapo awe ameshafanya UCAT, mtihani wa kuombea udaktari. Anaruhusiwa vyuo vinne tu vya udaktari. Nafasi ya tano aombe kozi nyingine. GPA pekee haimfikishi, AP ndizo zitakazoangaliwa. Uuguzi una nafuu, mwisho ni Januari.

Nesi Rehema
Mama Neema, hongera kwa kulea. Mimi nimesomea uuguzi Uingereza na sasa niko wodini huku Marekani, kwa hiyo nakusihi: kabla ya kuchagua chuo, amueni leseni yake ataitumia wapi.

Kule mwanafunzi anachagua tawi tangu anapoomba: watu wazima, watoto, afya ya akili, au ulemavu wa kujifunza. Mimi nilichukua watu wazima. Mazoezi ni saa 2,300, na nilizifanya kweli: wodi za wazee, chumba cha upasuaji, kuzunguka na nesi wa mtaa tukifunga vidonda majumbani. Huku RN (nesi aliyesajiliwa) ni leseni moja kwa wagonjwa wote. Bodi ya uuguzi ya jimbo ilipofungua rekodi zangu ikakuta safu ya uzazi ina saa chache mno, na ya watoto vivyo hivyo. NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, nikazuiwa kuifanya mpaka nisomee upya masomo hayo mawili, darasani na wodini, kwa pesa yangu. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshahudumia wagonjwa miaka kadhaa na hakuna aliyenionya.

Kama nia yake ni kurudi Minnesota kuwa nesi, kwa maoni yangu asomee huko huko Minnesota.

Mama Neema
Asante sana dada, hilo sikulijua kabisa. Na udaktari je? Na mkopo wa serikali ya Marekani, ule wa fomu ya FAFSA, unafika huko Uingereza?

Nesi Rehema
Udaktari ni habari nyingine. Anaingia moja kwa moja kutoka sekondari, miaka mitano au sita, na anazunguka idara zote, uzazi na watoto wakiwemo. Kurudi atahitaji USMLE (mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani) na cheti cha ECFMG kwa waliosomea udaktari nje, kisha agombee nafasi ya mafunzo hospitalini. Ni mlima, lakini njia ipo wazi. Shida ni kuingia: nafasi za wanafunzi wa nje ni chache sana.

Mkopo, vyuo vingi vya kule vinaupokea, ila kozi za uuguzi mara nyingi hazimo, na udaktari una masharti yake. Ofisi ya mikopo ya chuo ikujibu kwa maandishi kabla hujalipa hata senti. Halafu weka kando ada ya afya ya viza, pauni 776 kwa mwaka, inalipwa ya miaka yote kwa mkupuo.

Na Neema akikazania uuguzi kule, aandikie bodi ya Minnesota sasa hivi, aulize wanataka nini kwenye uzazi, watoto na afya ya akili. Jibu hilo aende nalo kwa chuo kabla ya kukubali nafasi.