Sensa ya CO2 inapotea kwenye Raspberry Pi nikitumia kebo ndefu: naomba ushauri

mtoto_wa_keshero (Goma)

Jambo bandugu. Naomba msaada, hasa kwa wale waliozoea Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja.

Nyuma ya nyumba yetu hapa Keshero kuna shimo pana la mawe ya lava, na mazuku, ile gesi ya CO2 inayotoka ardhini, yanalala humo, zaidi alfajiri kama hakuna upepo. Watoto wa majirani wanakatisha pale wakienda kuteka maji. Juzi mbuzi wa baba mkubwa alikutwa humo amekufa, hana hata jeraha. Ndipo nikaamua kushusha sensa ya CO2 shimoni na kuweka king'ora juu ukutani.

Nina Raspberry Pi 3 na sensa ya SCD30 ya Sensirion. Nimeunganisha VDD kwenye pini 1 (3.3 V), GND pini 6, SDA pini 3, SCL pini 5. Mezani, kwa nyaya fupi za rangi, nikiandika `i2cdetect -y 1` naona 61, anwani ya sensa, na vipimo vinakuja vizuri. Nikiweka kebo ya mtandao ya mita nane, 61 inaonekana, nikirudia haipo. Programu yangu ya Python inasoma kidogo halafu inakata:

`OSError: [Errno 121] Remote I/O error`

Tena hata kwa nyaya fupi, nikiiacha usiku kucha, asubuhi nakuta imeganda. Aliyeniuzia anasema sensa imekufa, ninunue nyingine. Bei yake mnaijua. Ni kweli imekufa?

tshibola_tech (Lubumbashi)

Tupa Pi, weka Arduino. Mambo kwisha.

fundi_birere (Goma)

Arduino haitafupisha kebo, ndugu.

Mtoto wa Keshero, usinunue kitu. Sensa iliyokufa haijibu kabisa, yako inajibu mezani. Shida ya kwanza ni hiyo kebo. I2C, yaani lugha ya zile waya mbili, SDA ya data na SCL ya saa, ilibuniwa ili chipu zinazokaa kwenye bodi moja ziongee, si kuvuka kiwanja. Kwenye I2C hakuna anayesukuma laini juu. Kifaa kinaivuta chini, kikiiachia inapanda yenyewe kupitia rezista. Kwenye Pi, pini 3 na 5 zina rezista za 1.8 kΩ tayari kwenye bodi. Sasa kebo nayo ni kapasita. Kanuni za I2C zinaruhusu pikofaradi (pF) 400 kwa laini nzima, na kebo ya mtandao ina kama pF 50 kwa kila mita. Mita zako nane zimekula zote kabla hatujahesabu sensa yenyewe. Laini inapanda polepole mno, Pi inasoma sifuri mahali palipotakiwa moja.

Halafu niambie: SDA na SCL umezipitisha kwenye jozi moja iliyosokotwa? Kama ndiyo, zinachafuana. SDA isokotwe na GND yake, SCL na GND yake.

Kwa kujaribu tu, punguza mwendo. Kwenye `config.txt` weka:

`dtparam=i2c_arm_baudrate=10000`

Washa upya, uone.

kijana_wa_kadutu (Bukavu)

Fundi kasema vema kuhusu kebo, ila kule kuganda usiku kwa nyaya fupi ni ugonjwa mwingine.

SCD30 ikitaka muda wa kufikiri inaishika laini ya saa, yaani SCL, chini, na bwana mkubwa wa laini, yaani Pi, anatakiwa angoje. Kwa kawaida ni hadi milisekunde 30, lakini karatasi yake ya kiufundi inasema mara moja kwa siku inaweza kufika 150 kwa sababu ya kujisawazisha ndani. Chipu ya I2C iliyo kwenye Pi za tangu zamani hadi hiyo ya 3 ina kasoro ya maunzi inayojulikana: haingoji vizuri. Inaendelea na kazi wakati sensa bado imeshika, na data inaharibika. Mwendo wa 10000 unapunguza makali, hauondoi kasoro.

Njia ya kuikwepa ni I2C ya programu:

`dtoverlay=i2c-gpio,bus=3,i2c_gpio_sda=23,i2c_gpio_scl=24`

Hapo unatumia GPIO 23 na 24, na unachungulia kwa `i2cdetect -y 3`. Pini hizo hazina rezista zile za bodi, kwa hiyo ongeza mbili za 4.7 kΩ kwenda 3.3 V. Nasema 3.3. Ukizipeleka kwenye 5 V utakuwa unauliza swali jingine hapa kesho, la Pi iliyoungua.

Angalia pia umeme. Andika `dmesg | grep -i voltage`. Chaja nyingi za simu zinashuka Pi ikianza kazi, nayo inalalamika volti zikifika 4.63.

papa_kamalondo (Lubumbashi)

Mwanangu, hayo yote ni kweli, lakini mita nane kwenda shimoni usizifanye kwa I2C. Huku kwetu kwenye mitambo hatuthubutu. Sensa yako inajua lugha ya pili.

Ina pini inaitwa SEL. Ukiiunganisha na 3.3 V kabla ya kuiwasha, inaacha I2C na kuongea Modbus (lugha ya mitambo) kwa UART, yaani serial ya kawaida ya TX na RX, mwendo 19200, anwani ni ile ile 0x61. SEL isizidi 4 V. Ukiwa na UART, unaweka kigeuzi cha RS-485, mfumo wa serial wa masafa marefu, kila upande, na waya mbili zilizosokotwa, A na B, zinakwenda mamia ya mita bila kusumbua. Weka rezista ya 120 Ω kila mwisho.

Kwa chipu ya kigeuzi, chukua MAX3485, si MAX485. Ya pili ni ya 5 V na itarusha 5 V kwenye RX ya Pi. Shusha 5 V kwa jozi nyingine ya kebo hiyo hiyo, na ndani ya kisanduku cha shimoni weka regyuleta ya 3.3 V ilishe sensa na kigeuzi pamoja. SEL nayo iishike hapo hapo.

Upande wa Pi 3: kwenye `raspi-config` zima konsoli ya kuingilia kwa serial, acha maunzi ya serial yakiwa wazi. Kisha `dtoverlay=disable-bt`, maana Bluetooth imeikalia UART nzuri na kukuachia ile ndogo ambayo mwendo wake unafuata saa ya chipu. Programu ifungue `/dev/serial0`.

yaya_lac_vert (Goma)

Mdogo wangu, mimi si mtu wa Pi, kazi yangu ni gesi. Nyote mmeongea nyaya, hakuna aliyeuliza sensa inapima mpaka wapi.

SCD30 inaishia ppm (sehemu kwa milioni) 40,000, na usahihi wake umeahidiwa mpaka 10,000 tu. Elfu arobaini ni asilimia 4. Mazuku yanapita hapo bila shida, na kwenye asilimia 10 mtu anapoteza fahamu upesi. Kwa hiyo kifaa chako hakipimi mazuku, kinasema yapo au hayapo. Kwa king'ora inatosha. Ukitaka namba yenyewe, kuna STC31 ya kampuni ile ile, inapima mpaka asilimia 25 au 100 ukiichagulia.

La pili, zima kule kujisawazisha kwa moja kwa moja. Sensa inaamini kwamba kila siku inapata walau saa moja ya hewa safi ya ppm 400, na inajirekebisha kwa hiyo. Ikikaa shimoni itajifunza kwamba mazuku ndiyo hewa safi, na siku moja itanyamaza watoto wakipita. Isawazishe mwenyewe nje, penye upepo. Iambie pia urefu: sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na bila kuweka hiyo itasoma chini ya ukweli.

La tatu, programu ikikosa kipimo, king'ora kilie. Errno 121 iwe hatari sawa na namba kubwa. Waya ikikatwa na panya nani atajua?

Na usishuke kufunga sensa. Ifunge kwenye mti mrefu, uishushe ukiwa juu, mchana kukiwa na upepo, na mtu wa pili akiwa karibu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu, anayeinama ndiye anayeivuta. Wapashe habari OVG, wachunguzi wa volkano wa Goma, pia kuhusu hilo shimo.

mtoto_wa_keshero (Goma)

Aksanti sana wote. Fundi, ndiyo, SDA na SCL zilikuwa jozi moja. Nimepunguza mwendo na kurudi nyaya fupi: usiku umepita bila kuganda. Kwa kebo bado inapotea, basi naenda na njia ya papa. Yaya, mti mrefu upo, na kaka yangu atanishikia.

Papa, vigeuzi nilivyoona sokoni vina pini za DE na RE. Nani anazigeuza wakati wa kutuma na kupokea?

papa_kamalondo (Lubumbashi)

Upande wa Pi ungeweza kwa GPIO. Upande wa shimoni hakuna wa kuzigeuza, sensa haina pini hiyo. Tafuta vile vinavyojigeuza vyenyewe, vina pini nne tu: VCC, GND, TX, RX. Hakikisha vinakubali 3.3 V.

fundi_birere (Goma)

Ninavyo viwili vya aina hiyo. Pita kesho mchana na kebo yako, tuvijaribu hapa mezani kabla hujaanza kutoboa kisanduku.