Naomba ushauri: mjomba, salfa ya alfajiri na kaunta buku langu

Mpwa_wa_Newala:
Shikamooni wakubwa, na wanafunzi wenzangu habari za likizo. Nipo kidato cha nne, kijiji kimoja huku Newala. Natumia simu ya dada, kwa hiyo nikichelewa kujibu mjue bando limekata.

Anayeijua Newala anajua Juni ya huku juu ilivyo. Mtwara mjini watu wanasema kipupwe kimeingia na bado wamevaa fulana. Sisi tunalala na blanketi mbili, na alfajiri ukungu unakuwa mzito kiasi kwamba mtu aliye hatua kumi mbele unamjua kwa kikohozi chake. Mimi ndiyo miezi ninayoipenda. Ming'oko imeanza kuchimbwa, bibi anaichemsha tunaila na chumvi na pilipili kandokando ya moto. Usiku ngoma za jando zinasikika kwa mbali, leo upande huu, kesho upande ule.

Shida yangu ni hii. Nalelewa na mjomba, kaka yake mama. Sare, madaftari, mchango wa kambi, vyote yeye. Ana mashine ya kupulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Mikorosho imeanza kutoa maua na ubwiriunga, ugonjwa unaoshambulia maua hayo, unakuja na ubaridi huu huu, basi saa kumi na moja kasoro ananigongea dirisha. Nabeba mfuko, najaza tangi, yeye anapuliza, akichoka tunapokezana. Tunarudi saa tatu, siku nyingine saa nne. Naoga, nakunywa chai na muhogo, nafungua hisabati. Nazinduka adhuhuri shavu liko juu ya daftari. Hivyo hivyo kila siku tangu shule ifungwe, na hisabati ndiyo niliyopata F mtihani wa muhula. Novemba si mbali.

La pili. Nina kaunta buku la kwaya tatu ninaloandikia hadithi. Nyingi zinaanzia shambani. Mjomba akiwasha mashine, ule unga wa njano unapanda ndani ya ukungu halafu hauanguki, unaning'inia tu. Jua likitokea kwa nyuma, mikorosho inakuwa watu: mmoja amepinda mgongo, mmoja amebeba mtoto, mmoja ana uso kama kinyago cha mapiko. Nimeandika kuhusu mzee aliyepuliza salfa mpaka akapotelea ndani ya wingu lake mwenyewe, akatokea ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, kwa ndugu zake wa zamani. Jioni huwa nakwenda Shimo la Mungu, nakaa pale ukingoni, bonde lote liko chini yangu, namtafutia yule mzee njia ya kurudi.

Juzi mjomba alilikuta. Hakunigombeza. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa, akasema, "Kumbe usingizi wako unaishia huku," akalifungia kwenye sanduku la risiti zake za korosho.

Nimwambieje anipunguzie asubuhi bila kuonekana sina shukrani? Na kaunta buku nilidai, au niliache huko mpaka mtihani upite?

Mama_Nanyumbu:
Marahaba mwanangu. Usimwambie shambani, wala mbele ya wenzake kilabuni au kijiweni. Mjomba kwetu kusini haendewi mikono mitupu. Anza kwa bibi. Mweleze yote, hata hiyo F, halafu bibi ndiye amwite mwanawe baada ya chakula cha usiku. Wewe kaa chini, ongea polepole. Anza na shukrani, maana unazo kweli, inaonekana ulivyoandika.

Bwanashamba_Tandahimba:
Dogo, kuna kitu sikielewi. Salfa ya unga ni robo kilo kwa mti, na unarudia baada ya siku 14. Haipulizwi kila siku kwenye mikorosho ile ile. Nyie mna miti mingapi?

Mpwa_wa_Newala:
Kama 150. Shamba letu tulilimaliza asubuhi mbili. Hizo nyingine tunakwenda kwa watu, mjomba anakodiwa na mashine yake. Sikuandika mwanzo kwa sababu niliona kama namsema vibaya.

Bwanashamba_Tandahimba:
Humsemi vibaya, hiyo mashine ndiyo inayokulisha. Ila sasa tumejua pa kuongelea. Salfa ya shamba lenu usiikimbie, ni asubuhi mbili katika wiki mbili, haimfelishi mtu. Za kukodiwa ni kibarua, na vijana wa kubeba mfuko kwa ujira wapo kila kijiji. Mwombe mjomba achukue mmoja mpaka Novemba. Hapo humwambii "sitaki kazi", unamwambia asubuhi zipi utakuwepo.

Halafu nijibu: usoni unavaa nini?

Mpwa_wa_Newala:
Nafunga leso ya bibi puani. Macho ndiyo yanawasha mpaka mchana, na kifua kinabana kidogo.

Bwanashamba_Tandahimba:
Leso peke yake haitoshi. Tafuta barakoa na miwani inayoziba pembeni, shati la mikono mirefu, kofia. Simama upande upepo unakotoka, unga uende mbele yako. Ukirudi, oga na ubadili nguo kabla hujagusa chakula. Kifua kikiendelea kubana nenda zahanati, na hilo mwambie mjomba kabla hujamwambia habari ya hisabati. Na yeye pia avae.

Kitunda_Kusini:
Mimi nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Wengine tulikosa hata mtu wa kutugongea dirisha. Korosho za nyumbani ziliuzwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya kutupa, zikiwa bado maua, msimu ulipofika hela haikuwepo na shule ikaishia kidato cha pili. Wewe una mjomba, una mashine, una miezi mitano. Hadithi haziozi. Liache sanduku lifungwe, pasua hisabati, Desemba utaandika mpaka mkono uchoke.

Mwalimu_Kiswahili_Masasi:
Ndugu Kitunda, nakuelewa, na pole. Lakini nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na mtoto anayeona watu kwenye mikorosho simwambii afumbe macho miezi mitano. Akirudi atakuta wameondoka.

Kijana, tuongee kuhusu F. Daraja linahesabiwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, kwa hiyo F moja haikuzuii kwenda kidato cha tano kama mengine yamesimama. Usiingie kwenye chumba cha mtihani na hofu hiyo. Ila usiiache, kuna vyuo vingi wataiuliza baadaye.

Siku za salfa, ukirudi usijidanganye kwamba unasoma. Lala saa moja na nusu kitandani, kwa makusudi. Hisabati ifanye saa tisa mpaka saa kumi na moja, maswali kumi ya mitihani iliyopita, na lile linalokushinda lipeleke kambini. Usiku, kabla ya kulala, nusu saa ya hadithi. Saa ikigota unafunga hata kama mzee bado yuko katikati ya mto.

Na ujue ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Za kwanza zilitolewa Aprili 2023. Mwambie mjomba hilo kama atauliza kuandika kunampeleka mtu wapi.

Mama_Nanyumbu:
Mwalimu umenena. Mwanangu, umeshaongea na bibi?

Mpwa_wa_Newala:
Samahani kwa kimya, bando. Niliongea na bibi juzi, jana usiku akamwita.

Nilianza na kifua kama nilivyoelekezwa. Mjomba alinyamaza muda mrefu, akauliza kwa nini sikusema tangu siku ya kwanza. Leo asubuhi kaenda dukani karudi na barakoa mbili. Miwani hakuipata, kaagiza mtu anayekwenda Mtwara. Kwa mashamba ya watu atakwenda na kijana wa jirani, mimi nabaki na letu tu. Tunarudia Jumatatu.

Kaunta buku sikulidai. Alilitoa mwenyewe kwenye sanduku, akalifungua kwenye ukurasa wa yule mzee, akaweka kidole. Nilikuwa nimeandika kwamba alipotelea kwenye wingu saa sita mchana. Mjomba akasema hakuna mkulima anayepuliza saa sita, kusi linakuwa limeshaamka, unga wote unakwenda kwa jirani. Akasema mzee huyo lazima aliondoka alfajiri, majani yakiwa bado na umande.

Nimeshaanza kuurekebisha ule ukurasa. Maswali kumi ya leo nimefanya saba.